SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: KURUDISHA LORI NYUMA PENYE GHALA

Msimu wa ununuzi unapokaribia, mizani hukaguliwa, vitabu vya stakabadhi huandaliwa na magunia huhesabiwa. Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni namna lori litakavyoingia uwanjani na kulielekea ghala kinyumenyume. Uwanja huo ndimo wakulima wanamosubiri zamu ya kupima, na watoto waliofuatana nao huchezea humo. Kwa hiyo somo hili haliwahusu madereva peke yao, bali pia watunza ghala, makarani na wajumbe wa bodi.

Kwa nini kinyumenyume?
Mzigo hupakiwa kwa nyuma. Tena, lori lililoingia kinyumenyume hutoka kwa mbele, likiwa limejaa, na dereva akiiona njia yote.

Hatua za kufuata
1. Kabla ya kupanda, dereva alizunguke lori kwa miguu. Atazame nyuma, chini ya bodi, na juu penye paa na matawi. Kisha arekebishe vioo.

2. Usukani ukiwa upande wa kulia, kama ilivyo kwa magari ya Tanzania, ni afadhali kuingia kwa kupindia kulia, kwa sababu dereva huiona vizuri kona ya nyuma iliyo upande wake.

3. Lori lipite mlango wa ghala, kisha lipindwe kidogo kushoto ili nyuma yake ianze kuelekea mlangoni.

4. Dereva akirudi nyuma na kuzungusha usukani kulia, nyuma ya lori huenda kulia, lakini pua yake hufagia kwa upana kuelekea kushoto. Hapo ndipo wengi hukosea: hutazama nyuma tu, na kona ya mbele hugonga nguzo au mizani.

5. Bodi inapokaribia kulingana na mlango, usukani unyooshwe. Nafasi iliyobaki ionekane sawa katika vioo vyote viwili. Lori likienda upande, dereva asilazimishe. Asogee mbele, anyooshe, aanze upya.

6. Lori likisimama, breki ya mkono ivutwe na magurudumu yawekewe kabari kabla ya mtu yeyote kupita nyuma yake.

Mwelekezaji awe mmoja
Vioo havionyeshi mahali palipo nyuma kabisa ya bodi, na mtoto aweza kusimama hapo asionekane. Lori linalokwenda kilomita 5 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayetembea, hupita karibu mita 1.4 kwa kila sekunde. Ikiwa sekunde mbili zitapita kati ya ukelele na breki kushika, lori litakuwa limekwenda karibu mita 3.

Kwa hiyo watu waondolewe kwanza, na mtu mmoja tu aelekeze. Watu watano wakipiga kelele pamoja, dereva hamsikii hata mmoja. Mwelekezaji asimame kando, upande wa dereva, mahali anapoonekana katika kioo. Asisimame kamwe kati ya lori na ukuta. Ishara za mikono zikubaliwe mapema. Dereva asipomwona mwelekezaji, asimamishe lori papo hapo.

Wajibu wa chama
Bodi ichague mwelekezaji kabla ya msimu, itenge mahali pa wakulima kusubiri, na impe dereva nafasi ya kufanya mazoezi kwa lori tupu, madebe yakiwekwa badala ya kuta. Mizani ikivunjika, nyingine hununuliwa kwa fedha za wanachama. Mguu wa mkulima hauna duka.

Maswali ya kujadiliwa
(a) Katika uwanja wa chama chenu, wakulima husubiri wapi lori linaporudi nyuma?
(b) Ni nani mwenye mamlaka ya kulisimamisha lori?
(c) Je, dereva anayekodiwa kutoka nje huelezwa ishara hizi kabla ya kuingia?