Picha zimejaa chini ya kitanda

SWALI: Nachora peke yangu hapa Lodwar. Kila picha nairudia hadi naichukia. Jumba moja la sanaa Nairobi halikujibu barua yangu. Nisubiri hadi niive?

JIBU: Usisubiri, ndugu yangu. Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, huchora juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti kutoka Uganda. Kina matundu na mishono ya viraka. Yeye haifichi, huiacha iwe sehemu ya picha. Edward Tingatinga naye alianza Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli na vipande vya mbao za dari. Angengoja turubai, tusingemjua.

Kimya cha jumba si hukumu. Barua nyingine, tusifichane, hazifunguliwi kabisa.

Ukijikuta unagusa kona ileile mara ya tatu, igeuze picha ielekee ukutani wiki mbili, kisha tia sahihi. Tamasha la Tobong'u Lore likija hapo Lodwar, peleka tatu, bei zikiwa zimeandikwa nyuma. Halafu niandikie umeuza ngapi.