Maji moto juu ya mkorosho: usiwafukuze

Masika yamekatika Kusini, na mikorosho ya Mtwara na Lindi imeanza kuchipua. Na mbu wa mikorosho naye yupo. Anafyonza utomvu wa chipukizi na ua, anaacha doa jeusi, na baada ya siku chache ncha nzima imekauka kama iliyobabuliwa na moto. Wengi mnakimbilia bomba la dawa. Kabla hujalijaza, inua macho.

Ukiona majani mabichi yameshonwa pamoja kama furushi, hicho ni kiota cha sisimizi waitwao maji moto. Uzi wa kushonea unatoka kwa viluwiluwi wao: mkubwa humshika mdogo mdomoni, akampitisha jani hadi jani kama fundi na sindano yake. Sisimizi hawa wanawinda kutwa, na mbu wa mikorosho akitua penye msafara wao hapati nafasi ya kufyonza. Kwenye minazi wanamkabili kunguni anayeangusha vidaka. Jina la kitaalamu la kunguni huyo, Pseudotheraptus wayi, linamkumbuka M. J. Way, aliyewatafiti maji moto huko Zanzibar miaka ya 1950.

Hawafanyi kazi bure. Wanafuga vidugamba kwenye machipukizi ili walambe utamu wao, na kidugamba naye anakula mti wako. Mimi nahesabu hiyo ni kodi ndogo. Marehemu baba aliwamwagia mafuta ya taa kwa hasira za kuumwa, na msimu ule ule machipukizi yakakauka karibu yote.

Adui yao mkubwa hakai juu. Ni sisimizi wadogo wa kahawia, askari wao wana vichwa vikubwa kupita kiasi, na wanaishi udongoni. Wakipanda mti, maji moto hawadumu. Mkorosho ukikataa kushika maji moto, fukua kidogo kwenye shina kabla hujalaumu kitu kingine.

Kuwahamisha kunawezekana. Kata viota alfajiri, wakiwa wamepoa, uvitie kwenye mfuko. Chukua viota vyote vya kundi moja, maana malkia ni mmoja tu na hujui amelala kiota kipi. Ukimwacha, umehamisha kundi litakaloisha. Usichanganye makundi mawili, watauana hadi wa mwisho. Mikono ipake majivu. Ukishawafikisha kwenye mikorosho mipya, funga kamba kutoka mti hadi mti, wapite bila kushuka chini kwa maadui.

Kuumwa kupo, sikatai, hasa wakati wa kupogolea. Lakini korosho tunaokota chini, hatupandi mtini kama kwa embe.

Wiki hii pita mti kwa mti uhesabu matawi makuu. Yenye msafara wa maji moto yakizidi nusu, bomba libaki stoo. Ukilazimika kupuliza, puliza miti isiyo na viota peke yake.