Dondoo Muhimu: Kufungua Château Latour ya Zamani

Shamba la Château Latour liko Pauillac, Bordeaux, nchini Ufaransa. Liliwekwa daraja la kwanza mwaka 1855. Mvinyo wake mwekundu, unaotawaliwa na zabibu za Cabernet Sauvignon, huweza kukomaa kwa miongo kadhaa.

• Kagua kabla ya kununua. Mvinyo ukiwa umeshuka chini ya mabega ya chupa, huenda hewa imepenya. Uliza pia chupa ilihifadhiwa wapi. Tangu 2012, Latour iliacha kuuza mvinyo ungali mapipani. Hutoa chupa zilizotunzwa ghalani mwake.

• Laza chupa gizani, penye nyuzijoto 12 hadi 14, kizibo kisikauke.

• Isimamishe siku nzima kabla ya kuifungua ili mashapo yatue.

• Zibua taratibu. Kizibo cha zamani hukatika upesi.

• Mimina polepole kwenye jagi la kioo, ukimulika shingo ya chupa. Mashapo yakifika shingoni, acha.

• Andaa mvinyo ukiwa na nyuzijoto 16 hadi 18, kwa nyama ya kondoo ya kuchoma.

Usiuweke kiporo: mvinyo mkongwe ukishapata hewa, harufu yake hupotea haraka.