Sheria na Neema: Waraka kwa Wagalatia unasemaje msimu wa saro?



Leo tunazungumzia maneno mawili tunayoyasikia kila mara kanisani, lakini ukimbana mtu ayaeleze anaanza kujikuna kichwa: sheria na neema. Wapo wanaodhani Agano la Kale ni sheria tupu na Agano Jipya ni neema tupu, basi, somo limekwisha. Wapo wanaosema, "Sisi tuko chini ya neema, habari za amri kumi zilishapitwa." Na wapo wengi zaidi, na hapa tuseme ukweli ni sisi wenyewe, ambao hatusemi lolote ila tunaishi kama vile mbinguni kuna daftari la mahudhurio.

Andaa Biblia yako. Fungua Waraka kwa Wagalatia, uwe nao karibu. Na mfano wetu leo hatutautoa mbali. Tutautoa Kenyamonta, wilaya ya Serengeti, na ng'ambo ya Mto Mara huko Tarime, kwa sababu jambo lililomkasirisha Mtume Paulo kwa Wagalatia, vijana wa Mara wanalijua kuliko vijana wengi wa Tanzania. Jambo lenyewe ni tohara.

1. Ugomvi wa Galatia ulihusu nini?

Paulo alihubiri Injili kwa Wagalatia, watu ambao hawakuwa Wayahudi. Walimwamini Kristo, wakabatizwa, wakampokea Roho Mtakatifu. Alipoondoka, wakaja walimu wengine wakawaambia: mmefanya vizuri kumwamini Yesu, lakini bado hamjakamilika. Mpaka mtahiriwe na kushika Torati ya Musa ndipo mtakuwa watoto kamili wa Abrahamu.

Angalia vizuri. Walimu hao hawakumkataa Yesu. Walisema Yesu pamoja na kisu. Paulo akaona hatari kubwa hapo, kwa sababu kama Kristo peke yake hatoshi kukufanya mtoto wa Mungu, basi alikufa bure (Gal 2:21). Hata Petro alipojitenga na meza ya Wakristo wasiotahiriwa kule Antiokia, Paulo alimkemea mbele ya watu (Gal 2:11-14). Kanisa lilikaa Yerusalemu, karibu mwaka 49, likaamua kwamba watu wa mataifa wasitwishwe mzigo huo (Mdo 15).

Je, Paulo aliichukia tohara ya wanaume? Hapana. Timotheo alimtahiri yeye mwenyewe (Mdo 16:3). Tito akakataa asilazimishwe (Gal 2:3). Kijana, hapo usipite haraka. Jambo ni lile lile, lakini kwa Timotheo lilikuwa desturi iliyosaidia utume, na kwa Tito lilitaka kugeuzwa kuwa tiketi ya kukubaliwa na Mungu. Paulo aliikataa tiketi.

2. Tiketi yetu sisi

Sasa turudi nyumbani. Wewe wa Mara unajua mambo yalivyo saro inapokaribia, shule zikifungwa Desemba. Wazee wa mila wanakaa, tarehe inatoka. Anayetahiriwa anarudi kwa nyimbo, kanga na zawadi. Asiyetahiriwa anabaki na jina. Binti anaitwa msagane, na neno hilo linamfuata kisimani, shuleni, mpaka kwenye ndoa. Anaambiwa ni mchafu, ataleta mkosi, hataolewa, au akiolewa ng'ombe watapungua.

Kwa hiyo binti hapelekwi kwa ngariba kwa sababu wazazi wanamchukia. Mama anampeleka kwa sababu anaogopa mwanawe asije akakosa mahali pa kukaa duniani. Hiyo ndiyo nguvu ya sheria ya mila: inakuahidi kuwa mtu kamili, ila inakudai damu kwanza. Bila hiyo, wewe si wetu.

Tofautisha mambo mawili hapa. Tohara ya wavulana imo katika Biblia kama ishara ya agano la Abrahamu, na Bwana wetu mwenyewe alitahiriwa siku ya nane (Lk 2:21). Ukeketaji wa wasichana haumo kabisa. Hakuna mstari hata mmoja unaouagiza. Unakata kiungo chenye afya, unaleta kutokwa damu, maambukizi, na shida wakati wa kujifungua. Kanisa linatufundisha kwamba kuukata mwili bila sababu ya tiba ni kinyume cha sheria ya Mungu. Hakuna mjadala hapo.

Lakini tazama, hoja ya Paulo inawafikia wote wawili, kaka na dada. Hakuna kisu kinachoweza kukupa ukamilifu ambao Mungu amekupa kwa Ubatizo. Paulo anaueleza Ubatizo kuwa ndiyo tohara isiyofanywa kwa mikono ya watu (Kol 2:11-12). Ukishabatizwa hakuna anayeweza kukuita nusu mtu.

3. Sheria ni njema, ila ina mpaka wake

Mtu akisikia hivyo anaweza kusema, "Basi sheria zote zitupwe." Taratibu! Paulo huyo huyo anasema sheria ni takatifu na njema (Rum 7:12). Yesu alisema hakuja kuitangua bali kuitimiliza (Mt 5:17). Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 1963) inafundisha kwamba Sheria ya Kale ni takatifu, ya kiroho na njema, ila bado haijakamilika: inaonyesha la kutenda, lakini peke yake haitoi nguvu ya kulitenda. Paulo anaifananisha na mlezi wa mtoto (Gal 3:24). Mlezi anamfikisha mtoto shuleni. Kumsomea mtihani hawezi.

Chukua sheria ya nchi. Mwaka 1998 Tanzania iliongeza kifungu cha 169A kwenye Kanuni ya Adhabu: mzazi au mlezi anayemkeketa au kusababisha akeketwe binti wa chini ya miaka 18 anaweza kufungwa miaka 5 hadi 15, au kutozwa faini, au vyote viwili. Kenya nao wakatunga sheria yao mwaka 2011. Hizi ni sheria njema, na Mkristo anazitii. Zimewaokoa wasichana wengi.

Lakini wewe umeona nini? Penye sheria bila moyo kubadilika, watu wanahama na kisu chao. Wengine wanafanya usiku, wengine wanavuka mpaka, wengine wanawakeketa wangali wadogo ili kelele zisisikike. Na sheria yetu inahesabu miaka: inamlinda wa miaka 17, lakini akifika 18 kifungu hicho kimenyamaza. Sheria inaweza kumfunga ngariba. Haiwezi kumfanya baba amtazame binti yake na kusema, "Huyu ametosha alivyo." Hilo linahitaji moyo mpya, na moyo mpya Mungu aliahidi kuutoa mwenyewe (Eze 36:26).

4. Neema ni nini basi?

Neema ni msaada wa bure ambao Mungu anatupa, bila sisi kustahili, ili tuitikie wito wake na kuwa watoto wake (KKK 1996). Shika maneno mawili: bure, na watoto. Siyo mshahara. Siyo zawadi ya waliofaulu. Ni uhai wa Mungu mwenyewe unaowekwa ndani yako katika Ubatizo, unaolishwa kwa Ekaristi, na ukiupoteza kwa dhambi ya mauti unarudishiwa katika Kitubio.

Mtaguso wa Trento mwaka 1547 ulifundisha kwamba hakuna tendo letu linalostahili neema hiyo ya kwanza ya kuhesabiwa haki. Kwa hiyo rafiki yako mlokole akikuambia kwamba Wakatoliki wanajiokoa kwa matendo, mjibu kwa upole kwamba siyo imani yetu. Tarehe 31 Oktoba 1999 Kanisa Katoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja kule Augsburg, Ujerumani, kwamba tunapokelewa na Mungu kwa neema, si kwa mastahili yetu, na neema hiyo inatuita kutenda mema.

5. Mlango kwanza, kanuni baadaye

Kule Masanga, wilayani Tarime, kuna kituo cha Kanisa ambacho kwa miaka mingi kimewapokea wasichana wanaokimbia kukeketwa. Mjini Mugumu, Serengeti, kuna Nyumba Salama iliyoanza mwaka 2014 kwa juhudi za ndugu zetu Waanglikana.

Fikiria binti anafika mahali kama hapo usiku, miguu ina vumbi, hana begi. Haulizwi kwanza alipata alama ngapi. Haulizwi kama anajua kufua. Mlango unafunguliwa, anapewa chakula na kitanda. Kesho yake ndipo anaambiwa: hapa tunaamka saa fulani, tunafagia, tunasoma, hatupigani. Kanuni zipo, na ni lazima. Lakini hazikumfungulia mlango. Anazishika kwa sababu ameshapokelewa.

Ndivyo Mungu alivyofanya Sinai. Soma Kutoka 20:2 kabla hujafika kwenye amri ya kwanza. Mungu anaanza kwa kukumbusha kwamba ndiye aliyewatoa Misri, katika nyumba ya utumwa. Aliwaokoa kwanza, akawapa amri baadaye. Hata katika Agano la Kale, neema ilitangulia.

6. Makosa mawili ya kuepuka

La kwanza: kugeuza mambo ya Kanisa kuwa saro nyingine. Nimebatizwa, nimepata Kipaimara, zaka nimelipa, jumuiya nahudhuria, basi Mungu ananidaiwa nini tena? Na yule asiyehudhuria tunamtazama kama msagane. Kijana wa VIWAWA au TYCS, jichunguze hapo. Sakramenti ni mikono ya Mungu anayetoa. Usizifanye risiti.

La pili: kuifanya neema kichaka. "Nitatenda tu, Jumamosi nitaungama." Paulo alijiuliza swali hilo akakataa katakata (Rum 6:15). Neema isiyokubadilisha hujaipokea bado. Imani ya kweli inafanya kazi kwa upendo (Gal 5:6).

7. Inakuhusu nini wewe?

Kaka, sheria inakukataza kumshika binti kwa nguvu. Neema inakudai zaidi: useme wazi, mbele ya wenzako, "Mimi nitaoa binti ambaye hajakeketwa." Ukilisema hilo wewe na wenzako kumi, mama mmoja atalala usingizi.

Dada uliyekimbia, hukuwadharau wazee wako. Uliheshimu hekalu la Roho Mtakatifu. Omba pia kwa ajili ya siku ya kupatana na nyumbani.

Dada uliyekwisha kukeketwa, na wewe somo hili ni lako. Usidhani tunakuhesabu umeharibika. Kristo mfufuka bado ana makovu mwilini mwake. Yaliyofanywa juu yako bila hiari yako si dhambi yako.

Na mama au shangazi unayesoma hapa kwa simu ya mwanao, uliyempeleka binti zamani: mlango wa Kitubio uko wazi. Ingia. Kisha nenda ukamlinde mdogo wake.

Maswali ya tafakari

1. Ni tiketi gani unayoitegemea ili ujione umekamilika: mila, elimu, mavazi, au cheo katika kwaya?
2. Ni nani kijijini kwenu unamwona nusu mtu? Soma Gal 3:26-28 ukimfikiria yeye.
3. Ni amri gani unaishika kwa hofu tu? Omba neema ya kuishika kwa upendo.

Tusali: Ee Bwana Yesu, ulizaliwa chini ya sheria ili utufanye wana. Utuondolee hofu ya kukataliwa na watu. Uwalinde binti zetu wa Mara, uwaongoe wazee wetu, utupe moyo wa nyama badala ya moyo wa jiwe. Amina.

Bikira Maria, Mama wa neema ya Mungu, utuombee.