Nani Anahudumia Nini Lexington: Kijitabu kwa Wakazi Wanaozungumza Kiswahili

Aliyeishi Nyarugusu au Nakivale anaujua utaratibu wa mgao: kadi moja, siku maalumu, foleni moja, na shida nyingine zote kupelekwa UNHCR. Lexington, Kentucky, haina ofisi ya namna hiyo. Ni jiji la watu 322,570 kwa sensa ya 2020, na serikali yake iliunganishwa na ya kaunti ya Fayette mwaka 1974. Hata hivyo, ukiishiwa chakula, ukiletewa barua ya kukatiwa umeme au ukitafuta wa kukusaidia fomu za uhamiaji, mara nyingi msaada hautoki manispaa. Unatoka kwenye mashirika yasiyo ya kiserikali, na kila jambo lina shirika lake. Familia nyingi hubisha mlango usiohusika, kisha hurudi nyumbani zikiamini zimenyimwa.

Mashirika haya ni ya nani?

Mengi yamesajiliwa chini ya kifungu 501(c)(3) cha sheria ya kodi ya Marekani. Hayana mwenye mali wa kugawiwa ziada. Bodi ndiyo inayosimamia, na kwa kawaida wajumbe wake hujitolea bila malipo. Shirika husamehewa kodi ya mapato, na anayelichangia anaweza kupunguziwa kodi yake. Nalo limefungwa na masharti: tangu 1954 linakatazwa kumpigia kampeni mgombea yeyote, na kila mwaka linatakiwa kuwasilisha fomu ya 990. Kwa mashirika makubwa fomu hiyo huonyesha mapato, matumizi na mishahara ya viongozi. Ni ya wazi, na mtu yeyote akiomba kuiona lazima aonyeshwe. Makanisa na misikiti hayalazimiki kuiwasilisha.

Fedha hutoka serikali kuu, kwa wafadhili na kwa wakazi wa kawaida. Mara nyingi kila fungu huja na kazi yake na muda wake. Ndiyo maana ofisa anaweza kukuambia mwezi Mei kwamba alichompa jirani yako mwezi Machi hakipo tena, naye akawa anasema kweli.

Hospitali nayo imo humo

Hapa wengi huumia. Hospitali nyingi za Marekani, zikiwemo baadhi za hapa Lexington, zimesajiliwa kama mashirika yasiyotafuta faida, lakini bili zinatuma, na bili zenyewe ni nzito. Mtu akiona tarakimu hizo huificha barua kabatini. Usifanye hivyo. Tangu sheria ya afya ya 2010, hospitali ya aina hii inalazimika kuwa na sera ya maandishi ya kuwapunguzia au kuwafutia bili wasio na uwezo, na kuwatangazia wagonjwa kwamba sera hiyo ipo. Una siku 240 tangu bili ya kwanza uliyotumiwa baada ya matibabu kuwasilisha maombi. Katika siku 120 za mwanzo, hospitali hairuhusiwi kukupeleka mahakamani wala kukuripoti kwenye kampuni zinazoweka kumbukumbu za madeni. Uliza dirisha la malipo fomu ya msaada wa kifedha, nenda na stakabadhi za mshahara, na uombe barua ya majibu.

Kwa magonjwa ya kawaida na chanjo za watoto ni nafuu kuanzia HealthFirst Bluegrass. Ni kituo cha afya cha jamii kinachopata fedha za serikali kuu kwa sharti la kutoza kulingana na kipato na ukubwa wa familia, na kutomrudisha mgonjwa kwa sababu hana fedha.

Waliokupokea uwanja wa ndege

Wengi wenu mlipokewa na Kentucky Refugee Ministries, shirika lililoanza mwaka 1990 na lenye ofisi Lexington. Mpango wa mapokezi ni wa siku 90 za kwanza: nyumba, samani, kadi ya Social Security, kuandikisha watoto shule. Siku hizo hupita haraka kuliko mtu anavyodhani, na baada yake msimamizi wa kesi yako hana wajibu ule ule. Huduma za kutafuta kazi na masomo ya Kiingereza zinazolipiwa na fungu la wakimbizi zimekusudiwa kufika hadi miaka mitano tangu uingie nchini. Mwambie msimamizi huyo tarehe uliyofika, kisha uulize ni huduma zipi zimebaki.

Kiasi cha huduma hizo hutegemea Washington. Januari 2025 serikali kuu ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi na malipo kwa mashirika yanayowapokea, na mashirika sehemu mbalimbali za nchi yakapunguza wafanyakazi. Kama simu yako inachelewa kujibiwa, sababu huenda ni hiyo.

Barua ya kudai nauli ya ndege si utapeli. Ule ni mkopo wa IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, usio na riba. Kama huwezi kulipa kiasi kilichoandikwa, piga simu upunguziwe kiwango cha kila mwezi. Ukinyamaza, jina lako litaharibika kwenye kumbukumbu za mikopo, na nyumba ya kupanga itakuwa shida kuipata.

Chakula

God's Pantry Food Bank ilianzishwa hapa Lexington mwaka 1955 na mkazi aliyeitwa Mim Hunt. Leo inahudumia kaunti 50 kati ya 120 za Kentucky. Ni ghala kuu: chakula huingia kutoka madukani, mashambani na serikalini, kisha husambazwa kwenye vituo vya kugawia, vingi vikiwa makanisani. Huhitaji kuwa muumini wa kanisa hilo. Utaulizwa jina, unapoishi, mpo wangapi nyumbani na kipato kwa kauli yako. Uraia si sharti la kupata chakula cha dharura. Tarehe iliyopita kwenye kopo haina maana kwamba chakula kimeharibika, kwani nyingi za tarehe hizo zinahusu ubora. Asiyekula nguruwe aseme mapema. Sombe na dagaa itabidi uzinunue mwenyewe.

Vituo hivi vimezidi kuwa muhimu, maana sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imewaondoa kwenye stempu za chakula za SNAP wakimbizi ambao bado hawajapata ukaazi wa kudumu. Kwa hiyo ombi la grinikadi, yaani la ukaazi huo, ambalo mkimbizi anatakiwa kuliwasilisha akishatimiza mwaka mmoja nchini, sasa linagusa hata sufuria.

Karatasi, kodi ya nyumba na umeme

Kwa mambo ya uhamiaji, ipo Maxwell Street Legal Clinic, iliyo chini ya Kentucky Refugee Ministries. Anayeruhusiwa kisheria kukushauri kuhusu uhamiaji ni wakili, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria anayefanya kazi kwenye shirika linalotambuliwa. Mtu mwenye muhuri wa kuthibitisha saini si wakili, hata kama anatoka wilaya moja na wewe huko Kivu na anatoza nusu ya bei. Kosa lake kwenye fomu litabaki kwenye faili lako.

Mwenye nyumba akikuletea notisi ya siku saba kwa kodi ambayo hujalipa, hiyo si amri ya kuhama usiku huo. Hawezi kubadilisha kufuli wala kutoa vyombo nje. Lazima kwanza aende mahakamani. Wapigie Legal Aid of the Bluegrass siku hiyo hiyo, maana hukumu ikishapita wakili huwa na machache ya kufanya. Hao hushughulikia kesi za madai kwa wenye kipato kidogo, zikiwemo za kufukuzwa nyumba na za ukatili wa ndani ya ndoa. Kesi za jinai hawazichukui.

Bili ya umeme au gesi ipeleke Community Action Council, iliyoanzishwa 1965. Kwa kawaida ruzuku ya msimu wa baridi hufunguliwa Novemba, na ya dharura huanza Januari hadi fungu liishe, kwa hiyo anayekwenda mapema ana nafasi nzuri zaidi. Shirika hilo hilo linaendesha Head Start, malezi na masomo ya bure kwa watoto wadogo wa familia zenye kipato cha chini.

Mkalimani, na nafasi yako

Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kukupa mkalimani bila malipo, na hazipaswi kukulazimisha uje na wako. Usimtumie mwanao. Mtoto wa miaka kumi hapaswi kumtafsiria mama yake majibu ya vipimo vya saratani. Taja lugha unayoielewa kweli. Kama ni Kinyamulenge au Kibembe, usikubali Kiswahili kwa kuona haya.

Mashirika haya pia yanahitaji watu wenu. Yanahitaji wa kupanga makopo Jumamosi, na zaidi yanahitaji wajumbe wa bodi, kwa sababu bodi isiyo na mtu aliyewahi kuwa mkimbizi hupanga huduma kwa kubahatisha. Uliza nafasi hutangazwa lini, upeleke jina.

Ukiwa hujui pa kuanzia, piga 211, namba ya bure inayowaelekeza watu kwenye huduma za eneo lao. Anayepokea ataongea Kiingereza. Sema "Swahili", kisha subiri mkalimani bila kukata simu.