JE, MJAMZITO ALE CHAKULA CHA WATU WAWILI?

Najua wavulana wenzangu wa kidato cha tatu watacheka wakiona kichwa hiki na jina langu chini yake. Wacheke tu. Wakati wa likizo mimi ndiye niliyemsindikiza dada yangu kliniki, kwa kuwa shemeji anafanya kazi mbali, na niliyoyasikia huko ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Nyumbani dada alikuwa akivutwa huku na huku. Nyanya alimpakulia ugali mlima mzima na kumwambia, "Kula mjukuu wangu, mko wawili." Jioni jirani naye alikuja akamnong'onezea ati apunguze kula, mtoto asije akawa mkubwa akapasuliwa. Dada aliogopa kisu kuliko alivyomwogopa nyanya. Akawa anasukuma sahani kando, anashinda na chai ya rangi na yale mawe laini ya sokoni.

Siku ya kliniki nesi alimpandisha kwenye mizani: kilo 58.5. Wiki sita nyuma alikuwa kilo 58. Nesi akakunja uso, akatuketisha, akaanza hesabu.

Mwanamke aliyekuwa na uzito wa kawaida kabla ya kushika mimba anafaa kuongeza kilo 11.5 hadi 16 kwa muda wote wa ujauzito. Hayo ni mapendekezo ya wataalamu wa Marekani ya mwaka wa 2009. Aliyekuwa mwembamba mno aongeze 12.5 hadi 18, mnene kiasi 7 hadi 11.5, na mnene sana 5 hadi 9. Utajuaje uko wapi? Chukua kilo zako za kabla ya mimba, gawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Dada alikuwa na kilo 56 na urefu wa mita 1.6, jibu likawa karibu 22. Kuanzia 18.5 hadi 24.9 ndio uzito wa kawaida. (Kumbe hesabu za darasani zina kazi!)

Miezi mitatu ya kwanza uzito huongezeka kidogo tu. Baadaye, kwa mtu kama dada, ni kama kilo 0.4 kila wiki. Basi katika zile wiki sita alistahili kuongeza karibu kilo 2 na nusu, naye aliongeza nusu kilo pekee!

Tena usidhani uzito huo ni mafuta matupu. Mtoto ni kilo 3 na kitu, kondo la nyuma karibu 0.7, maji anamoogelea mtoto karibu kilo 1, nyumba ya uzazi kilo 1 hivi, na damu ya mama nayo huongezeka zaidi ya kilo 1. Sehemu ya mafuta yanayobaki ni akiba ya kunyonyesha.

Nyanya je? Naye alikosea, ingawa kwa upendo. Miezi mitatu ya kwanza mama hahitaji kalori za ziada. Mitatu inayofuata anahitaji kama 340 zaidi kwa siku, na ya mwisho kama 450. Glasi ya maziwa, yai la kuchemsha na ndizi mbivu moja vinakaribia hizo 340. Si sahani ya pili ya ugali! Uzito ukizidi mno, shinikizo la damu na sukari hunyemelea.

Lakini ushauri wa jirani ndio uliomtia nesi hofu. Njaa haipanui nyonga. Humpa mama mtoto aliye chini ya kilo 2.5, na yeye mwenyewe huingia leba akiwa dhaifu. Asiye na damu ya kutosha akivuja damu, hapo ni hatari kubwa. Nesi alimwambia dada ale maharagwe, omena na mboga za kienyeji, ameze tembe za madini ya chuma, na chai aiweke mbali na chakula maana huzuia chuma kuingia mwilini. Mawe nayo ayaache.

Juzi mizani ilisoma 60.2. Nyanya bado anapakua mlima wake, ila sasa dada hula nusu na nusu ananisukumia mimi, nami sina mimba yoyote.