Kindi Arukaye Hana Mabawa

Katika Kiswahili tunasema chura karuka, na ndege karuka. Neno ni moja, kazi ni mbili. Ndege hupiga mabawa akapanda juu. Chura hujitupa tu, akarudi chini. Je, kindi arukaye, yule mnyama wa usiku, anaruka vipi? Wapo wanaodai eti ana mabawa kama popo. Hana.

Mnyama huyu yumo katika misitu ya magharibi mwa Tanzania, upande wetu huu wa Kigoma. Mchana hulala ndani ya pango la mti. Usiku hutoka kula magome, matunda, maua na majani. Ubavuni ana ngozi pana yenye manyoya, imeunganisha mkono na mguu. Akitulia, ngozi hiyo hujikunja, huioni. Kwenye kiwiko kuna kijiti cha gegedu, gumu kuliko lile la sikio lako, nacho huitandaza ngozi kama kijiti cha mwavuli.

Akitaka kuhama mti, kwanza hupanda juu kabisa. Hapo hujitupa na kunyoosha mikono na miguu. Ngozi inatanda, hewa inaikinga kwa chini. Basi haanguki kama jiwe, anateleza hewani kwenda mbele. Akikaribia mti wa pili huinua kichwa, mwendo unapungua, anadaka gome kwa kucha. Chini ya mkia, karibu na kiuno, ana magamba magumu yenye ncha. Hayo humzuia asiporomoke. Kisha anapanda tena.

Kumbe wataalamu wanasema huyu si kindi hasa! Jamaa yake wa karibu ni kamendegere, yule wa Serengeti anayechimba mashimo na kurukaruka kwa miguu ya nyuma. Kindi wa kweli wanaoteleza hewani wako Asia, Ulaya na Amerika ya Kaskazini.

Sasa tupige hesabu. Tuseme kila akishuka mita 1, anakwenda mbele mita 2. Akijitupa kutoka mita 20 juu, atafika mita 40, na hapo keshagusa ardhi. Kwenye mteremko wa bonde hufika mbali zaidi, hata mita 100 na kupita. Lakini kwenye tambarare, shamba la upana wa mita 60 limemshinda. Itabidi atembee chini, na huko ngozi yake inamsumbua. Mbwa anamkamata bila taabu.

Hapa Kasanda, na Kibondo na Kasulu, wafuga nyuki ni wengi. Wanajua kwamba mti wenye pango hupendwa na nyuki pia. Anayeuangusha mti mzima apate debe la asali amebomoa nyumba za wawili.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake. Na katikati ya mashamba, tukiacha mstari wa miti mirefu toka msitu huu mpaka ule, kindi atavuka. Miti hiyo hiyo tutatundikia mizinga.